Mpenzi wa Kweli wa Picha za Sinema ni Nani?

Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo ambalo pengine hamkulitazamia katika kurasa hizi, yaani picha za sinema na watu wazipendao. Twajua wako watakaosema, "Ya nini haya? Tuandikieni habari za shule, na za mashamba, na za makanisa." Twawajibu kwa adabu kwamba katika vijiji vyetu vya pwani ya ziwa, toka Kibirizi hata Ujiji na kushuka kusini, ukiacha mpira, hapana jambo likusanyalo vijana jioni kuliko picha. Na jambo likusanyalo watoto wetu haliwezi kuwa dogo machoni pa mzazi wala mwalimu.

Tena tuliulizwa, na mwalimu akiulizwa yampasa kujibu. Wasomaji wa huku wajua kwamba wavuvi wa dagaa hawatoki usiku wa mbalamwezi, maana dagaa huifuata taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa hushindwa. Basi siku hizo za kupumzika ndizo siku za picha. Katika siku kama hizo walitujia vijana wawili waliosoma katika shule yetu, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu. Tuna ubishi, twataka utuamulie." Tukawakaribisha wakakaa. Wa kwanza akasema kwamba yeye ndiye mpenzi wa picha, kwa kuwa amekwisha tazama zaidi ya mia tatu, naye huwasikiliza wahakiki wote katika simu, hata ajua picha ipi ina nyota ngapi kabla haijafika Kigoma. Wa pili akasema kwamba yeye ameziona chache, walakini moja ameirudia mara nne, na kila mara aliona neno asiloliona kwanza. Mwenzake akamcheka, akasema, "Mtu wa picha nne atanifundisha nini mimi?"

Hatukuwaamulia siku ile. Tuliwaambia kwamba ubishi wao ni mwema kuliko wanavyodhani, na kwamba wastahili jibu lililopimwa. Jibu lenyewe ndilo hili.

Kwanza, juu ya hesabu. Kuhesabu picha kumekuwa desturi ya watu wengi duniani. Uko mtandao uitwao Letterboxd, ulioanzishwa New Zealand mwaka 2011, ambamo watu huandika kama katika shajara kila picha waliyoitazama, na tarehe, na nyota walizoipa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Mtu aandikaye alichokiona hukisahau polepole. Lakini hesabu peke yake haimfanyi mtu kuwa mjuzi. Mchukuzi wa bandarini hupitisha begani magunia elfu ya mchele, wala hakuna amwitaye mpishi.

Pili, juu ya wahakiki. Siku hizi kila mwenye simu aweza kusimama mbele ya watu akatoa hukumu juu ya picha. Wengine hunena Kiingereza, wengine Kiswahili. Wengine hunena kwa maarifa, na wengine ni debe tupu. Vijana wetu huwasikiliza, kisha huja shuleni na hukumu iliyokwisha pikwa, wala wao hawakuwasha moto. Nao hudanganywa na tarakimu. Uko mtandao mwingine wa Marekani, Rotten Tomatoes, ulioanza mwaka 1998, ambao hutoa hesabu kwa mia. Kijana akiona picha imepewa 95, hudhani kwamba ni picha nzuri ya kupita kiasi. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki 100, wahakiki 95 waliiona yafaa. Hatuambiwi kwamba yafaa kiasi gani. Sisi walimu twalijua jambo hili vema. Kama kufaulu ni alama 50, na watoto wote wa darasa wakipata 51, shule itatangaza kwamba wamefaulu wote, mia kwa mia, na hali hakuna hata mmoja aliyeng'aa. Na darasa jingine laweza kushindwa nusu yake, na ndani yake akawamo mtoto mmoja wa ajabu. Ndivyo zilivyo picha. Ziko zinazowaridhisha wote kidogo, na ziko zinazowagawanya watu, nazo pengine ndizo za kudumu.

Je, tuwafukuze wahakiki? Hasha. Wakristo wakumbuke habari za watu wa Beroya katika Kitabu cha Matendo. Paulo alipowahubiri, hawakuziba masikio, wala hawakumeza kila neno kwa sababu aliyenena ni mtu mkubwa. Walipokea kwa moyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Nao walisifiwa kwa hayo. Ikiwa Mtume mwenyewe alichunguzwa na wasikilizaji wake, wala hakukasirika, sembuse mtu wa simuni? Msikilize, ndugu, kisha ukaangalie mwenyewe.

Na mhakiki aliye mwema hutaka uangalie mwenyewe. Alikuwako Marekani mtu mmoja, Roger Ebert, aliyeandika juu ya picha katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu mwaka 1967 hata alipokufa mwaka 2013. Mwaka 1975 alipewa tuzo ya Pulitzer, naye alikuwa mhakiki wa kwanza wa picha kuipata. Mwaka 2006 ugonjwa ulimwondolea sauti asiweze kunena tena. Yeye akazidi kuandika, na maandiko yake yakaenea katika intaneti kote. Walakini twamsifu zaidi kwa jambo jingine. Kwa miaka mingi alikuwa akienda mji wa Boulder, katika Chuo Kikuu cha Colorado, akaonyesha picha moja mbele ya watu kwa muda wa siku kadhaa. Mtu yeyote katika mkutano, mkubwa au mdogo, aliweza kupaza sauti na kusema, "Simama!" na picha ilisimamishwa pale pale, wakaulizana: Mbona huyu amewekwa upande huu? Mbona taa iko nyuma yake? Basi mtu aliyekuwa na haki ya kusema peke yake alifurahi kuwapa wengine macho. Huyo twamwita mwalimu.

Sasa twataka kuwaeleza kisa cha kuku.

Katika miaka ya ukoloni Waingereza walikuwa na idara ya kutengeneza picha za watu wa makoloni, iliyoanzishwa London mwaka 1939. Mkuu wake alikuwa Bwana William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria. Yeye na wenzake walifundisha kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha iendayo upesi. Kwa hiyo, walisema, picha zake ziwe za polepole, zisizo na ufundi mwingi, neno moja baada ya neno moja. Na kisa kilichosimuliwa sana kuthibitisha mafundisho hayo ni hiki. Watu wa kijiji walionyeshwa picha ya kufundisha usafi, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama ili mbu wasizae. Ilipokwisha waliulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku." Wenye picha wakashangaa, maana wao hawakujua kama mna kuku. Wakairudia polepole, kipande kwa kipande, na kweli, wakamwona kuku akiruka pembeni kwa nukta moja tu, kisha akatoweka.

Kisa hiki kimesimuliwa na kuandikwa mara nyingi ili kuonyesha kwamba watu wa vijijini hawajui kutazama. Sisi tukikipima twaona kinyume chake. Ni nani hapa aliyetazama sana? Waliotengeneza picha walikuwa wameishika mikononi mwao, wameikata na kuiunga, wala hawakumwona kuku. Wanakijiji waliiona mara moja tu, usiku, juu ya kitambaa, nao wakamwona. Ni kweli kwamba hawakulipata somo la mbu, na somo lile lilikuwa jema. Lakini macho yao hayakuwa na kosa. Walitazama kitu wanachokijua, kilicho cha kweli, katika ulimwengu uliofanyizwa na wageni. Mpenzi wa kweli wa picha, kwa alama yake ya kwanza, ni yule amwonaye kuku.

Na katika nchi yetu wenyewe jambo hili lina historia, tena lagusa misheni. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, lilianzisha kazi ya kujaribu sinema za kufundishia watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kazi hiyo ilijulikana kwa herufi zake, BEKE. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Kwa muda wa miaka miwili, hata 1937, walitengeneza picha fupi kama 35: za kuweka akiba Posta, za safura, za kahawa, na nyinginezo. Waigizaji walikuwa watu wa nchi. Sauti haikuwa katika picha yenyewe bali katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kunena Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pengine. Lori likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha hizo usiku.

Lakini angalieni, ndugu. Katika mikutano ile mzungu alikaa akiwaangalia watazamaji, akaandika wanapocheka na wanaponyamaza. Mwafrika alipewa picha atazame, kisha yeye mwenyewe akatazamwa na kupimwa. Hatuwalaumu watu wale kwa kila neno. Walitaka mema, na walisikiliza kuliko wengine wa wakati wao. Ila leo kipimo kimo mikononi mwetu. Ikiwa tutakaa tukingoja kuambiwa na mtu wa mbali kama picha ni nzuri au mbaya, basi tumerudi wenyewe chini ya kitambaa kile, wala hatukulazimishwa na mtu.

Hapo twafikia jambo lililotokea kwetu, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Baada ya ubishi wa wale vijana tuliwaza kujaribu desturi ya Boulder hapa kwetu. Tulipata ruhusa ya kutumia ukuta wa shule, na projekta ya kuazima, tukaonyesha picha iitwayo The African Queen, iliyotoka mwaka 1951. Tuliichagua kwa sababu habari zake ni za ziwa letu. Bwana mmoja, C. S. Forester, aliandika kitabu chake mwaka 1935. John Huston akaifanya picha, na waliocheza ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi ile. Hadithi yasema hivi: Vita Kuu ya mwaka 1914 yaanza, askari wa Kijerumani wachoma kijiji cha misheni, mmisionari afa kwa huzuni, dada yake aondoka na fundi wa mashua mbovu, wateremka mto, wafika ziwani, na mwisho mashua ile yaizamisha meli kubwa ya Wajerumani.

Kijana wetu wa kwanza alikuwa amekwisha jitayarisha. Alisimama kabla ya picha akawaeleza watu nyota zake na sifa zake, na kusema kweli alinena vizuri. Kisha tukawaambia watu wote, wazee kwa watoto, kwamba anayetaka kuuliza aseme "Simama."

Wa kwanza kusema "Simama" alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika meli. Akasema, "Mwalimu, maji haya si ya kwetu." Naye alisema kweli, maana picha ile ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine ndani ya nyumba za picha Uingereza. Ilipofika mahali meli ya Wajerumani inapopasuka, mzee yule akasema tena "Simama," akacheka sana, akasema, "Meli hii nimeipanda mimi!"

Watoto hawakuelewa, tukawaeleza. Meli iliyompa mwandishi wazo lile ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa bara kwa reli, ikaungwa tena hapa Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, toka Afrika ya Kusini kupitia Katanga. Zilivutwa porini kwa ng'ombe na mitambo ya mvuke na mikono ya watu. Mashua hizo ziliwashinda Wajerumani katika vyombo vyao vidogo, Kingani mwezi Desemba 1915 na Hedwig von Wissmann mwezi Februari 1916. Lakini Götzen haikuzamishwa na shujaa wa mashua mbovu. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, karibu na mahali Malagarasi unapoingia ziwani, baada ya kuipaka mitambo mafuta mazito, wakitumaini kuirudia. Waingereza waliizua mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba. Ndiyo iliyowachukua baba zetu na mama zetu kwa miaka mingi, Kigoma hata Kasanga na Mpulungu, na magunia yao ya dagaa. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Meli iliundwa, ikazamishwa, ikafufuliwa. Na picha nayo imeundwa, kwa kukatwa na kuungwa, na mtu aijuaye meli aona mahali ulipo mshono.

Watu walifurahi sana, tukadhani kazi imekwisha. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma na wajukuu zake, akasema, "Mwalimu, nirudishieni mwanzo."

Tukaurudisha. Wasomaji walioiona picha ile watakumbuka kwamba yaanza kanisani. Wakristo wa kijiji wanaimba wimbo, nao wameonyeshwa kama watu wasiojua waimbalo, sauti zao zikipotea huku na huku, ili mtazamaji wa Ulaya acheke. Muda kidogo askari wanakuja, wanachoma nyumba, na watu wale wanaswagwa kwenda vitani. Hapo bibi akasema, "Simama." Kisha akauliza, "Hawa waliokuwa wanaimba, wamekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu katika picha. Picha haiwataji tena. Mmisionari analiliwa, mashua inatengenezwa, mapenzi yanaingia, meli inazama, watu wawili wanaogelea wakiimba. Na kanisa zima limepotea, wala hakuna aliyerudi kulitafuta. Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Babu yangu mzaa baba alichukuliwa mpagazi katika vita hiyo. Hakurudi. Hatujui alipolala." Watu wakanyamaza kimya. Twajua sote kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika ya Mashariki, kwa njaa na maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina.

Kijana wa kwanza, yule wa picha mia tatu, hakusema neno usiku ule. Siku ya tatu alitujia, akatuambia kwamba amerudi kwa wahakiki wake wote katika simu, akasoma na kusikiliza yote waliyosema juu ya picha ile: juu ya waigizaji, na rangi, na mto, na mapenzi. Katika wote aliowapata hakumwona hata mmoja aliyeuliza swali la bibi. Akasema, "Mwalimu, bibi yule haijui Letterboxd, lakini ameiona picha kuliko sisi." Tukamwambia kwamba sasa amejibu mwenyewe.

Basi alama ya pili ya mpenzi wa kweli ndiyo hii: huwatafuta waliopotea katika picha. Huuliza, "Nani hayupo? Nani alikuwapo mwanzo akaachwa njiani?" Mtu akiwa na swali hilo mkononi ataona mengi. Mwaka 1939 walitengeneza Marekani picha ya Stanley na Livingstone. Spencer Tracy ndiye Stanley, na Cedric Hardwicke ndiye Livingstone. Watu wa Ujiji waweza kujivuna kwamba mji wao ulitajwa hata huko. Lakini wenye picha walitia ndani yake hadithi ya mapenzi isiyokuwamo katika historia, na hali kisa cha kweli kilichowapita mlangoni kilikuwa kikubwa zaidi. Ni Susi aliyemlaki Stanley hapa Ujiji mwaka 1871. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873 huko kwa Chitambo, ni Susi na Chuma na wenzao waliouchukua mwili wake, mwendo wa miezi mingi, hata wakaufikisha pwani Bagamoyo mwaka 1874. Atakaye picha ya uaminifu, itengenezwe hiyo.

Vivyo hivyo kwa habari za Gombe. Bibi Jane Goodall, aliyefika huko mwezi Julai 1960 na kufariki mwezi Oktoba 2025, amefanyiwa picha nyingi. Mojawapo ni ile iitwayo Jane, ya mwaka 2017, iliyotokana na picha za kale za Hugo van Lawick zilizodhaniwa kuwa zimepotea. Ni picha nzuri, nasi twamheshimu mama yule kwa kazi yake. Lakini mtu wa Kigoma akiitazama hukumbuka pia Watanzania waliowafuata sokwe milimani siku baada ya siku, mvua na jua, hasa baada ya mwaka 1975, wanafunzi wanne walipotekwa na waasi waliovuka ziwa toka ng'ambo, na kazi yote ikasimamishwa juu ya mabega ya watu wa hapa. Kuuliza habari zao si kuibomoa picha. Ni kuikamilisha.

Iko alama ya tatu, nayo ni haki. Mpenzi wa kweli hahukumu asichokiona. Mwaka 2004 Bwana Hubert Sauper wa Austria alitoa picha juu ya sangara na watu wa Mwanza, iitwayo Darwin's Nightmare. Ilisifiwa sana Ulaya, ikafika hata kutajwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imelichafua jina la nchi, na Mwanza watu wakaandamana. Sisi hatutaamua hapa kati yao. Walikuwa na sababu waliosema kwamba mji mzima umeonyeshwa kwa maovu yake tu. Na walikuwa na sababu waliosema kwamba watoto wa mitaani walioonekana mle si wa kubuniwa. Twasema neno moja tu, kwamba twadhani walioinena picha ile, huku na Ulaya, walikuwa wengi kuliko walioitazama mpaka mwisho. Aliyesifu bila kuona na aliyelaani bila kuona ni ndugu wa tumbo moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa twageuka kwa wazee wetu wa kanisa. Wako waliotuambia kwamba shule ya Kikristo haifai kuwa na picha, kwa kuwa vijana wengine wameharibikiwa katika mabanda ya video, wakijifunza matusi na kupigana. Twakiri kwamba ziko picha zisizofaa nyumba ya mtu mwenye adabu, na mzazi akizikataza amefanya vema. Walakini twawaombeni mpime. Simu i mfukoni mwa kila kijana. Hatuna uwezo wa kuifunga dunia yote nje ya mlango. Tuna uwezo wa kumfundisha mtoto kuangalia. Mtoto asiyejua kuangalia hutekwa na kila kinachong'aa, na aliyefundishwa huuliza, hupambanua, hutupa makapi na kushika ngano. Tena, kama tusingaliionyesha picha ile ukutani, swali la bibi lingalikaa moyoni mwake hata kaburini, na wajukuu zake wasingalijua kwamba wana babu aliyepotea vitani. Tangu usiku ule wawili wao wameanza kuandika katika daftari habari wanazozikumbuka wazee. Je, hiyo ni hasara kwa kanisa?

Na kwenu ninyi vijana twasema hivi. Wasikilizeni wahakiki, hata wale wasimuliaji wa Kiswahili wanaotafsiri picha kwa mzaha katika mabanda, kama alivyofanya marehemu Lufufu aliyepata sifa Dar es Salaam; nao wana ufundi wao, wanaleta maneno ya mbali karibu na masikio ya watu wetu. Lakini ukimsikiliza msimulizi, kumbuka kwamba ni sauti ya mtu, wala si macho yako. Usione haya kuirudia picha moja mara nne. Usione haya kusema, "Wote wameisifu, mimi sikupendezwa, na sababu yangu ni hii." Lililo la haya ni kuisifu kwa kuwa wengine wameisifu.

Mwisho, twaomba jambo moja dogo katika kila kijiji chenye ukuta na projekta. Picha ikiisha, msiondoke mara moja. Kaeni kidogo. Mwenye kuonyesha awaulize watu wameona nini, aanze kwa watoto na kumaliza kwa wazee, wala asimcheke mtu. Mtu akisema ameona kuku, mrudisheni kuku mtazame wote. Na bibi akiuliza waliokuwa wanaimba wamekwenda wapi, msimwambie kwamba ni picha tu. Mtafutieni jibu.